Shaba Iliyochoka: Kisa cha Chapa ya Goya Iliyosemwa Kuwa ya Mwaka 1816

Usuli

Ndugu watatu, dada mmoja na kaka wawili, walirithi nyumba ya baba yao katika mji mmoja wa Hispania. Ukutani mlikuwa na picha mbili za mapambano ya fahali zilizochapwa kwenye karatasi na kutiwa fremu. Majina yao, mji wao na duka lililouza picha hizo nimeyaacha, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Kilichobaki kinamtosha mtu yeyote anayeshika chapa za zamani: mwalimu wa sanaa, mnunuzi, fundi wa karatasi, au mrithi kama wao.

Picha ya kwanza ilikuwa na hati ya duka iliyopigwa taipu: Goya, Tauromaquia, namba 20, mwaka 1816. Ya pili haikuwa na hati yoyote, ila sahihi ya Picasso ilisomeka chini yake. Baba yao alizinunua akiwa kijana na kwa miaka yote aliamini kuwa ile ya kwanza ndiyo akiba ya familia. Alipofariki, kaka mkubwa alipiga picha kwa simu akaituma kwenye nyumba moja ya mnada. Akajibiwa kwa makadirio ya kutia matumaini, yenye sharti moja: "ikithibitika kuwa ya toleo la kwanza". Familia ilisoma makadirio, sharti ikaliruka.

Ili mtu aelewe uzito wa sharti hilo, lazima ajue kazi yenyewe. Francisco de Goya alikuwa na miaka 70 alipotoa Tauromaquia mjini Madrid mwaka 1816, seti ya picha 33 zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba. Gazeti la Diario de Madrid lilitangaza mauzo tarehe 28 Oktoba mwaka huo. Picha moja iliuzwa reali 10, seti nzima reali 300. Inaanza na wawindaji wa fahali wa Hispania ya kale, inapita kwa Wamori, yaani Waislamu wa Hispania ya zamani, na kwa wakuu kama mfalme Carlos wa Tano, kisha inafika kwa watu waliopata jina uwanjani katika zama za Goya mwenyewe. Picha ya 33 ni kifo cha Pepe Illo, aliyeuawa na fahali Madrid tarehe 11 Mei 1801. Namba 20 ni Juanito Apiñani akiwa hewani: amekita mti mrefu chini, amejirusha, na fahali anapita chini yake.

Msomaji wa Pemba hatahitaji kuelezwa utamu wa picha hiyo. Kwenye mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao wengi huuhusisha na ujio wa Wareno, mnyama hauawi. Kinachoshangiliwa ni mtu kumkaribia kabisa na kutoka salama. Mapambano ya Hispania huishia kwenye upanga, lakini katika namba 20 Goya ameushika ule wepesi tu. Naiona kuwa moja ya picha bora kabisa katika historia ya uchapaji, na ndiyo maana kisa hiki kilinigusa zaidi ya kazi ya kawaida ya kukagua karatasi.

Goya alitumia njia mbili kwa pamoja. Mistari aliikwaruza kwenye nta iliyofunika shaba, kisha tindikali ikaila shaba pale nta ilipoondoka. Vivuli alivitengeneza kwa akwatinti: vumbi la utomvu mkavu hunyunyizwa juu ya bamba na kuyeyushwa kidogo kwa moto ili ligande, halafu tindikali hula shaba kati ya punje na punje. Bamba likipakwa wino na kufutwa, wino hubaki kwenye vijishimo hivyo, na karatasi yenye unyevu ikipita kwenye mashine ya kubana hutoka na kijivu laini chenye vidoa vyeupe visivyohesabika.

Vijishimo hivyo vina kina kifupi mno. Kila safari bamba linapopakwa, linapofutwa na kubanwa, vinasagika kidogo. Mistari ya Goya ni mirefu kwenda chini, inastahimili. Akwatinti haistahimili. Chapa ya mwanzo na chapa ya baadaye kutoka bamba lilelile hufanana kama kanga mpya na kanga iliyofuliwa miaka: maua yapo, rangi imekwenda.

Na mabamba ya Tauromaquia yalichapwa tena na tena baada ya Goya kufariki mwaka 1828. Toleo la pili lilitoka 1855. La tatu lilitolewa Paris mwaka 1876 na Loizelet, aliyeongeza picha saba ambazo Goya alizichonga upande wa nyuma wa baadhi ya mabamba na kuziacha. Yakafuata ya 1905, 1921 na 1928, na la 1937, Hispania ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtu anaweza kushika chapa halali kabisa, iliyotoka kwenye shaba aliyoigusa Goya kwa mikono yake, huku karatasi ikiwa imechapwa zaidi ya karne moja baada ya kifo chake.

Ilivyokwenda

Picha ziliponifikia mimi na mwenzangu, ambaye kazi yake ni kuhifadhi karatasi, tulianza na ile ya Picasso kwa sababu ingechukua muda mfupi. Ilifanana na picha alizochora mwaka 1957 kwa ajili ya kitabu cha Pepe Illo kuhusu ufundi wa kupambana na fahali, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1796. Gustavo Gili wa Barcelona ndiye aliyekichapisha kikiwa na picha za Picasso, mwaka 1959. Yule ambaye Goya alimchora akifa ndiye ambaye jina lake lipo juu ya kitabu alichokipamba Picasso. Kwa ajili ya kitabu hicho Picasso alitengeneza mabamba 26 kwa njia ya sukari: unachora kwa brashi iliyochovywa kwenye mchanganyiko wa sukari, unafunika bamba lote kwa vanishi, unalizamisha kwenye maji ya uvuguvugu, sukari inavimba na kuibandua vanishi iliyo juu yake. Shaba inabaki wazi mahali pale tu brashi ilipopita, kisha akwatinti inafuata. Kwa hiyo doa la brashi la Picasso huwa na punje za utomvu ndani yake.

Kwenye lenzi ya kukuzia hapakuwa na punje. Palikuwa na nukta zilizopangwa kwa safu, sawasawa, hata ndani ya sahihi. Ilikuwa nakala ya kiwandani. Tuliiweka kando.

Ya Goya ilitaka subira. Tulipoitoa kwenye fremu tulikuta karatasi imebandikwa yote kwenye kadibodi nene, na kingo zake zimekatwa hadi karibu na mgandamizo wa bamba. Mgandamizo wenyewe ulikuwepo: mstari ulioingia ndani pande zote nne, wenye kipimo cha takriban sentimita 24.5 kwa 35.5, kinacholingana na mabamba ya seti hii. Hilo ni jambo jema, lakini halimalizi neno. Zipo nakala zilizotengenezwa kwa kuhamishia picha kwenye shaba kwa njia ya mwanga, nazo zina mgandamizo, zina wino ulioinuka, na zina punje.

Tofauti iko ndani ya mistari. Kwenye nakala ya mwanga, punje hupita hata ndani ya mstari, na mstari mwembamba na mnene huwa na kina kinachokaribiana. Kwenye bamba lililochongwa kwa mkono, mstari ni safi ndani, na mstari mzito husimama juu ya karatasi kiasi kwamba taa ikilazwa pembeni hutupa kivuli. Tulilaza taa. Mistari ya pembe na ya mgongo wa fahali ilisimama waziwazi, ile ya watazamaji wa mbali ikawa chini zaidi. Shaba ilikuwa ya Goya.

Furaha ya dada yao, ambaye alikuwepo siku hiyo, ilikuwa kubwa. Tukamwomba asiwaambie kaka zake kitu bado.

Sababu ilikuwa kivuli kilicho ardhini, karibu na fahali. Kwa macho ya kawaida kilikuwa cheusi na kizuri, cha kumfanya mtu aseme hii ni chapa ya mapema ambayo akwatinti yake haijaguswa. Kwenye lenzi kivuli kilikuwa cha aina mbili. Chini kabisa kulikuwa na punje hafifu zenye mapengo, za bamba lililosagika. Juu yake kulikuwa na kijivu kisicho na punje, kilichojaa hadi ndani ya vidoa vilivyotakiwa kubaki vyeupe, na ukingoni kikiwa kizito zaidi, kama kawaida ya rangi ya maji inapokauka. Mahali pamoja kijivu hicho kilivuka mgandamizo wa bamba kwa upana wa ukucha. Bamba haliwezi kuchapa nje ya ukingo wake. Mtu fulani alikuwa ameongeza kivuli kwa brashi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kama tuibandue karatasi kutoka kwenye kadibodi au tuiache. Kuiacha kulikuwa salama kwa siku ile. Lakini kadibodi ilikuwa ya zamani na yenye asidi, ilikwishaanza kuigeuza karatasi rangi ya chai, na iliziba ushahidi ambao hauna mbadala, yaani karatasi ikitazamwa dhidi ya mwanga. Toleo la 1816 lilichapwa kwenye karatasi ya mistari, ile ambayo waya za fremu ya kutengenezea huacha alama zinazoonekana ikiinuliwa dirishani, na kwenye baadhi ya karatasi hizo alama ya maji, yaani jina la mtengenezaji lililo ndani ya karatasi yenyewe, kama Serra au Morato, inasomeka. Karatasi ikiwa haina mistari, mjadala wa 1816 umekwisha. Tuliamua kuibandua.

Uamuzi wa pili ndio uliokuwa na hatari. Njia iliyozoeleka ya kubandua karatasi iliyogandishwa kwa gundi ya maji ni kuizamisha. Wino wa kuchapia una mafuta, hauogopi maji. Je, kijivu cha brashi? Mwenzangu alichukua ncha ya pamba, akailowesha, akaigusisha mahali padogo pale kijivu kilipovuka mgandamizo, ambapo hapakuwa na chochote cha Goya cha kupoteza. Pamba ilitoka na rangi. Tukagusa vivyo hivyo mstari mmoja wa pembeni: pamba ikatoka safi.

Kwa jaribio hilo dogo tulipata majibu mawili. Kwanza, kijivu hakikuwa wino wa kuchapia. Pili, tukizamisha, kitayeyuka na kusambaa kwenye karatasi yote. Hivyo tukaacha kuzamisha. Kadibodi iliondolewa kwa nyuma ikiwa kavu, tabaka baada ya tabaka, kwa kisu chembamba, hadi ukabaki utando mwembamba. Utando huo ulilainishwa kwa gundi ya selulosi iliyo kama jeli, ambayo hutoa unyevu kidogo kidogo bila kupenya hadi upande wa mbele, kisha ukakwanguliwa. Kwenye kona moja gundi ya zamani ilikuwa ngumu mno. Tuliiacha, kwa kuwa kuilazimisha kungeichuna karatasi.

Karatasi ilipowekwa juu ya meza ya mwanga ilikuwa laini kote. Haikuwa na mstari wa waya hata mmoja, wala alama ya maji.

Uamuzi wa tatu ulihusu kuandika. Kaka mkubwa alitaka tuandike "Goya, Tauromaquia, 1816" kama hati ya duka, kwa hoja kwamba mwaka huo ndio mwaka wa kazi. Hoja yake haikuwa ya uongo: katalogi nyingi huutaja mwaka wa kazi kwanza. Lakini mnunuzi angeusoma kama mwaka wa karatasi, na kila mtu mezani alilijua hilo. Tukakataa.

Matokeo

Maelezo yaliyoandikwa yalisema hivi: Francisco de Goya, Tauromaquia, namba 20, bamba la mkono wa Goya, lililotolewa mara ya kwanza 1816, chapa hii ni ya toleo la baadaye, karatasi isiyo na mistari, akwatinti imesagika, kivuli cha ardhini kimeongezwa kwa brashi, kingo zimekatwa, karatasi imebanduliwa kutoka kwenye kadibodi. Mwaka wa toleo hatukuuandika. Karatasi isiyo na mistari inapatana na toleo la 1855, na usagaji haukupingana nalo, lakini kingo zilizokatwa na rangi ya brashi zilikuwa zimeondoa mambo ambayo mtu angeyategemea ili aseme kwa uhakika.

Nyumba ya mnada ilishusha makadirio yake hadi sehemu ndogo tu ya yale ya mwanzo. Kaka wawili walitaka iuzwe hata hivyo. Dada yao alichukua chapa kwa makadirio mapya, akawalipa sehemu zao, akaitundika chumbani kwake mbali na dirisha. Nakala ya Picasso alipewa mtoto wa kaka mdogo aliyeipenda tangu zamani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya yote ni mpangilio wa ukaguzi: vipimo, lenzi, taa ya pembeni, ncha ya pamba, kisha kubandua. Kila hatua iliamua kama inayofuata ifanywe, na ifanywe vipi. Laiti maji yangetangulia, kijivu cha brashi kingesambaa, karatasi ingeharibika, na ushahidi wa kwamba kiliongezwa baadaye ungepotea pamoja nacho. Nimeona karatasi nyingi zilizooshwa kwa nia njema na watu waliodhani kuwa kila cheusi kwenye chapa ni wino wa mashine. Ncha ya pamba haina gharama, na sioni sababu ya mtu kuiruka.

Swali pia lilisaidia, lakini baada ya kubadilishwa. Familia ilikuja na swali la "ya kweli au bandia?", na swali hilo lingewapotosha kwa majibu yote mawili. Ukisema ya kweli, wanasikia 1816. Ukisema bandia, wanatupa kitu ambacho Goya alikichonga. Kwa chapa za aina hii swali lenye faida ni: shaba ni ya nani, karatasi ilichapwa lini, na shaba ilikuwa imechoka kiasi gani siku hiyo? Majibu matatu yanaweza kutofautiana bila kupingana.

Kilichoshindwa kilianza zamani. Duka liliandika 1816 bila neno moja kuhusu toleo. Mtu fulani, kabla au baada ya hapo, alikata kingo, akabandika karatasi kwenye kadibodi, akapaka kijivu. Sijui kama alikusudia kudanganya au alitaka tu picha ipendeze ukutani, na kwa mkaguzi haileti tofauti, kwa kuwa mambo hayo matatu kwa pamoja yaliziba sehemu zote tatu ambazo ukweli ungeonekana: ukingo, mgongo wa karatasi na akwatinti. Ukikuta chapa ambayo sehemu zote hizo zimezibwa, kaa chonjo hata kama kila moja ina maelezo yake ya kawaida.

Picha ya simu nayo ilichangia. Makadirio yaliyotolewa kwa picha ya simu yaliipa familia namba ya kushikilia, na namba ikishaingia kichwani haitoki kirahisi. Picha ya simu haioneshi wino ulioinuka wala punje, na tena hukoleza giza, kwa hiyo kivuli cha brashi kilionekana bora huko kuliko kilivyo. Nyumba ile ingeomba kwanza picha ya karibu ya kivuli na picha ya mgongo wa karatasi, ndipo itaje fedha.

Jambo moja mimi na mwenzangu hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana: kama kijivu cha brashi kiondolewe. Hoja yake ni nzito. Goya alikifanya kivuli chepesi, weupe wa karatasi ukipumua kati ya punje, ili Apiñani aonekane hana kitu chini yake isipokuwa mti na hewa. Aliyepaka brashi aliijaza hewa hiyo. Mruko umekuwa mzito, na mtu amevutwa chini. Kwa hiyo, anasema mwenzangu, kila siku kijivu kile kinapobaki, picha inamsingizia Goya.

Mimi naona kiachwe. Chini yake hakuna kivuli cha 1816 kinachongoja kufunuliwa. Kuna akwatinti iliyokwisha, na ukiondoa brashi utapata uwanja uliopauka ambao nao Goya hakuukusudia. Kukiondoa ni kazi isiyorudishwa nyuma, ilhali kukiandika kwenye maelezo kunampa mtazamaji wa kesho nafasi ya kuamua akiwa na vifaa bora kuliko vyetu. Na anayetaka kuuona mruko ule ulivyokuwa anaweza kwenda kuangalia chapa za toleo la kwanza katika makusanyo ya umma, pale Madrid na kwingineko. Dada yao alitusikiliza sote wawili, akaamua kiachwe kwa sasa, na maelezo yakabandikwa nyuma ya fremu mpya ili asije mtu mwingine akaiuza kama ya 1816.